Punje tunakula, magunzi tunachoma: mkaa wa kupikia kwa pipa moja

Kaka yangu anaishi Marekani, jimbo la Iowa. Msimu wao mmoja wa baridi alinipigia simu ya video akiwa sebuleni kwake, akanionyesha jiko la chuma lenye kioo mbele, moto wa manjano unacheza ndani. Kisha akachota punje za mahindi kwa kopo, akazimimina juu ya lile jiko kama mtu anayejaza kinu. "Dada, huku mahindi ndiyo kuni," akasema.

Mama mkwe alikuwa ameketi mkekani karibu nami hapa Makorora, Tanga mjini. Alikuwa ameshuka kutoka Lushoto kuja kutazamwa macho. Akasema "Astaghfirullahi," kisha akauliza kama huko hakuna mwenye njaa.

Kaka alitueleza vizuri, kwa sababu ni fundi na anapenda kueleza. Punje hukaa kwenye sanduku juu ya jiko. Parafujo ndefu inayozungushwa na mota ya umeme inazisogeza chache chache mpaka kwenye kikombe cha moto, feni inapuliza hewa, na moshi unatoka nje kwa bomba lililopita ukutani. Mahindi lazima yawe makavu, unyevu usizidi asilimia 15, la sivyo moto unazubaa na kioo kinapaka masizi. Majivu yake huyeyuka kwa joto, yakashikana kuwa bonge gumu kama kigae, na kila siku lazima alichokonoe alitoe. Wengine huchanganya punje na maganda ya chaza yaliyosagwa ili majivu yasigande. Siku ya baridi kali jiko linakula kilo 25 na kuzidi.

Nilipiga hesabu palepale. Kilo 25 za mahindi kwangu, nyumba ya watu sita, ni ugali wa karibu siku kumi. Simlaumu kaka. Kwao mahindi hulimwa kwa mashine katika mashamba yasiyoonekana mwisho, na kuna miaka bei inaanguka mpaka gesi inakuwa ghali kuliko punje. Sisi punje hatuchomi. Lakini simu ilipokatika mama mkwe aliuliza jambo ambalo sikuwa nimelifikiria: "Na magunzi wanayapeleka wapi?" Kaka alijibu kesho yake kwamba mashine ya kuvunia huyatapika shambani, yakaoza humo humo.

Huku kwetu magunzi yamelundikana nyuma ya kila mashine ya kupukuchulia, kuanzia Pongwe, Muheza, hadi Handeni. Mengine huchomwa moto tu ili kupata nafasi. Wakati huohuo magari yanashusha magunia ya mkaa wa miti kila uchao, na pwani watu wanakata mikoko. Mimi ninauza maharage na chapati, najua mkaa unavyomeza faida. Mtungi wa gesi ninao na ninaupenda kwa chai ya alfajiri, ila sufuria ya maharage inayochemka kwa saa tatu siwezi kuiweka juu ya gesi nikabaki na kitu. Serikali imeweka mkakati wa nishati safi ya kupikia wa 2024 hadi 2034, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034. Mpaka hapo tufike, bora tuchome kilichokwisha kukatwa.

Basi hivi ndivyo ninavyofanya. Nimefanya kwa misimu mitatu sasa, na nitakueleza hata pale nilipoharibu.

Kwanza magunzi yenyewe. Gunia la kilo 100 za punje huacha magunzi kama kilo 18 hadi 20. Kwa hiyo ukielewana na mwenye mashine moja tu, msimu wa mavuno utayachoka. Mimi ninamlipa kijana wa mkokoteni, mwenye mashine hanidai kitu maana ninamfagilia uwanja wake. Jambo la kutazama ni ukavu, na hapa ndipo kaka yangu wa Iowa na mimi tunafanana kabisa: kisichokavu hakiwaki, kinafuka. Chukua gunzi ulivunje kwa mikono miwili. Kavu linakatika mara moja kwa mlio, na moyo wake mweupe wa ndani ni mwepesi kama pamba. Bichi linapinda kwanza, halafu linachanika nyuzinyuzi, na ukibonyeza ule moyo kwa ukucha unahisi ubaridi. Hilo rudisha juani. Miezi ya Julai na Agosti upepo wa kusi unapovuma, siku nne za kuanika juu ya turubai zinatosha. Yakikupata magunzi wakati wa masika, usijitese. Yaweke darini au chini ya paa mpaka jua lirudi.

Pili ni pipa. Lile la kawaida la lita 200, la chuma. Kabla hujalinunua muulize muuzaji lilibeba nini, na kama hajui, liache. Lililokaa dawa za mimea usilitumie kamwe. Lililokaa petroli, dizeli, tina au rangi ni hatari ya namna nyingine: mvuke unabaki ndani hata pipa likionekana tupu na kavu, na cheche moja ya mashine ya kuchomelea au ya grainda inalipua. Mimi nilitafuta lililobeba mafuta ya kula, nikaliosha kwa sabuni na maji ya moto, kisha fundi akalikata kwa tindo na nyundo. Upande wa juu alikata mdomo wa mraba mpana kiasi cha kupitisha ndoo ndogo, akaacha ukingo pande zote ili mfuniko ukae. Kipande kilichokatwa tulikipiga kikanyooka, tukakiongezea bati kikawa mfuniko mkubwa kuliko tundu. Upande wa chini alitoboa matundu 20 hivi, kila moja linapitisha vidole viwili. Hayo ndiyo pua ya pipa. Mara ya kwanza lichome tupu kwa makumbi ya nazi mpaka rangi yote ya nje na ndani iungue, na ukae mbali na moshi wake.

Mahali pa kuchomea pawe uwanja mtupu, mbali na paa la makuti na mbali na minazi yenye makuti makavu yanayoning'inia. Ninachoma alfajiri baada ya sala, kabla upepo haujaamka, na majirani nimewaambia tangu jana ili nguo zao zisianikwe. Karibu yangu kuna ndoo mbili za maji, lundo la mchanga uliolowanishwa, magunia mawili ya katani yaliyolowa, na ubao mrefu. Watoto wanabaki ndani. Huchomi peke yako, maana kuna wakati utahitaji mikono minne.

Weka pipa juu ya mawe matatu, matundu chini, nafasi ya kiganja kati yake na ardhi. Simamisha mti mnene kama mkono katikati, mimina magunzi kuuzunguka mpaka yafike karibu na mdomo, usiyashindilie, kisha chomoa mti polepole. Limebaki tundu kama la kisima katikati ya magunzi, hilo ndilo dohani. Angusha humo makuti makavu yanayowaka, na mengine yawashe chini ya pipa upande unaotokea upepo.

Sasa kaa uangalie moshi. Ningependa ungekuwa hapa nikuonyeshe kwa kidole, kwa sababu kazi yote iko hapa na saa ya ukutani haikusaidii. Moshi wa kwanza ni mzito, mweupe, unatambaa chini kama ukungu wa Usambara na unawasha macho. Huo kwa sehemu kubwa ni maji yanayotoka. Magunzi yakiwa makavu hauchukui muda, yakiwa na unyevu unaweza kukaa nao mpaka jua lichomoze na bado. Baadaye moshi unageuka, unapata umanjano, unatoka kwa nguvu na harufu yake ni kali, kama hindi la kuchoma lililosahaulika. Hapo tayari si mvuke wa maji tena, ni gesi inayotoka ndani ya gunzi lenyewe, na inawaka. Chukua kuti linalowaka, ulishike kwa mbali, ulisogeze mdomoni mwa pipa. Moshi unashika moto kwa mkupuo, pipa linaanza kunguruma, na ule moshi uliokuwa unawasumbua majirani unapotea, umebaki moto mrefu wa manjano. Usiogope ngurumo hiyo. Ndiyo dalili kwamba mambo yanakwenda sawa, na mtu asiyeuwasha moshi wake anawavutisha watu sumu bure.

Subiri. Moto utasimama kwa muda, kisha utaanza kufupika. Magunzi yatakuwa yameshuka ndani ya pipa kama theluthi moja. Chungulia ukiwa umesimama upande unaotokea upepo: ya juu yamekuwa meusi yenye kingo nyekundu, na moshi unaobaki ni mwembamba wa buluu. Ndipo unafunga. Kwangu huwa ni kati ya dakika 25 na 40 tangu kuwasha, lakini narudia, sifungi kwa saa, ninafunga kwa moshi.

Kufunga kunataka haraka na utulivu kwa pamoja. Mmoja ananyanyua pipa upande mmoja kwa ubao, mwingine anayavuta mawe kwa fimbo, pipa linakaa chini. Mfuniko juu. Mchanga mbichi kuzunguka kitako chote, mchanga mbichi kuzunguka mfuniko, na magunia yaliyolowa juu yake. Kisha zunguka pipa polepole ukitafuta nyuzi za moshi. Kila uzi wa moshi unaouona ni tundu ambalo hewa inaingilia kwenda kuula mkaa wako. Ongeza mchanga mpaka hakuna uzi hata mmoja.

Mara yangu ya kwanza nilifunga juu vizuri sana, nikaridhika, nikaenda kuuza chapati. Chini sikuweka mchanga wa kutosha. Kesho yake nilifungua nikakuta magunzi yamesimama na umbo lake kamili, meupe pe, hata vishimo vya punje mistari kwa mistari vinaonekana. Nilinyoosha mkono kuchukua moja, likaporomoka kabla sijalishika. Pipa zima lilikuwa majivu. Nilikaa chini nikalitazama muda mrefu, kwa sababu magunzi yale nilikuwa nimeyaanika wiki nzima.

Mara ya pili niliogopa kosa lile nikafunga mapema mno, moshi bado wa manjano. Nikapata mkaa mweusi kwa nje na wa kahawia kwa ndani. Sikujua, nikausaga, nikauza. Jirani aliununua akapikia futari, nyumba ikajaa moshi, mtoto wake akakohoa usiku kucha. Nilimrudishia fedha yake nikamwomba radhi. Tangu siku hiyo kila pipa ninavunja magunzi kumi kutoka juu, kati na chini. Lililoiva ni jeusi mpaka moyoni, linavunjika kwa mlio wa kioo, na halipaki mafuta vidoleni. La kahawia linarudi kwenye pipa linalofuata.

Usifungue siku hiyohiyo. Saa mbili tatu zinatosha moto kufa, lakini mkaa wenye joto ukipata hewa unawaka tena wenyewe. Mimi ninafungua kesho yake, na kabla ya hapo ninaweka kiganja kwenye ubavu wa pipa, chini kabisa. Kama kuna uvuguvugu, ninaacha. Ukishaumwaga, utandaze chini uwanjani na uuangalie mpaka jioni, ndoo ya maji iwe karibu. Usiuingize ndani ya nyumba wala stoo siku ya kwanza. Pipa moja lililojaa magunzi kama kilo 25 linanipa mkaa kilo 5 hadi 6. Utaona ni kidogo, na ni kweli ni kidogo. Ndiyo maana ninachoma mapipa mawili kwa siku na sipotezi hata chembe.

Mkaa wa gunzi ukiutumia ulivyo unawaka haraka ukaisha, kwa sababu ni mwepesi. Lazima usagwe na ukandamizwe. Utie kwenye gunia, funga mdomo, upige kwa mchi juu ya ardhi ngumu. Chekecha kwa chekeche la wavu wa mbu wa dirishani, yanayobaki yarudi kwenye gunia. Lowanisha kidogo kwa kunyunyiza maji ili vumbi lisipae, na funga kitambaa puani. Vumbi hili ni laini kuliko unga wa ngano, na mwanamke anayelivuta kila wiki atakuja kujua baadaye. Ukipata vifuu vya nazi, na Tanga nani amekosa vifuu, vichome kwa pipa lilelile, peke yake, na changanya vumbi lake: mafungu mawili ya gunzi, fungu moja la kifuu. Kifuu ni kizito, moto wake ni mkali na unakaa. Mchanganyiko huo ndio wateja wangu wa chipsi wanauulizia.

Cha kushikisha ni unga wa muhogo. Muhogo wa Muheza au wa Mkinga, wowote, hata ule uliokaa ukaharibika rangi na hauliki. Kwa kilo 10 za vumbi ninatumia unga robo tatu ya kilo na maji lita 7 hivi. Koroga unga kwanza na maji baridi kidogo mpaka usiwe na madonge, ndipo uumimine kwenye maji yanayochemka huku ukikoroga. Uji ukiacha weupe na kuanza kung'aa, ukiinua mwiko unavutika kama gundi, umeiva. Ukiuepua kabla haujang'aa mkaa wako utamomonyoka. Ukizidisha unga, mkaa utakuwa mgumu lakini utatoa moshi na utavutia panya na mende. Binti yangu alijaribu kuongeza unga mara mbili ili vipande vipendeze. Panya walikula nusu ya vipande vilivyoanikwa kwenye turubai.

Mimina uji ukiwa bado wa moto juu ya vumbi, kidogo kidogo, ukande kwa mikono kama unakanda unga wa maandazi. Chukua konzi, lifinye kwa nguvu, ufungue kiganja. Bonge likibaki na alama za vidole na lisidondoshe maji, limekubali. Likipasuka, ongeza uji. Maji yakichuruzika kati ya vidole, ongeza vumbi.

Kwa kukandamiza, nilianza kwa kufinyanga madonge kwa mkono, na kwa matumizi ya nyumbani inatosha kabisa. Sasa nina kipande cha bomba la chuma, upana wake vidole vitatu, urefu wa shubiri, na mti uliochongwa ukaingia ndani yake bila kubana. Ninajaza bomba, ninalisimamisha juu ya ubao, ninaingiza mti na kuugonga kwa nyundo mara tatu, kisha ninakisukuma kipande kitoke upande wa pili. Vumbi la pipa moja linanipa vipande 90 na ushee. Mara tatu za nyundo, si moja. Kipande kilichogongwa mara moja kinawaka mara moja.

Kukausha wengi huharibu kwa haraka. Saa chache za mwanzo viache kivulini juu ya chaga, kwa sababu jua kali la ghafla linavipasua ngozi. Baada ya hapo juani siku tatu hadi tano, ukivigeuza asubuhi na jioni, na jioni kabla ya umande vifunike au viingize ndani. Hewa ya pwani ina chumvi na unyevu, usidanganywe na kipande kilichokauka nje. Chukua viwili uvigonganishe. Vikilia kama vigae, ndani ni vikavu. Vikitoa mlio wa kimya kama udongo, rudisha. Ninauza vipande 12 kwa shilingi 1,000, na ninauza tu vinavyolia.

Kupikia: mkaa huu ni mvivu kuwaka. Weka makaa machache ya kawaida yaliyokolea chini, au vifuu viwili, ndipo upange vipande juu ukiacha nafasi kati yake. Washa nje, subiri mpaka vipande vipate ngozi ya kijivu, ndipo uteleke. Usiupepee sana, utaumaliza bure. Haurushi cheche, haupasuki, na moto wake ni wa taratibu na wa muda. Kwa chai ya haraka haufai. Kwa maharage, makande, mchuzi wa nazi usiotaka kukatika, sijaona kama huu. Vipande kumi vinaivisha sufuria yangu ya kilo mbili za maharage yaliyolowekwa usiku kucha, na vinabaki na joto la kupashia.

Sasa naomba unisikilize kwa jambo ambalo ni zito kuliko yote niliyoandika.

Mama mkwe aliporudi Lushoto nilimpa gunia zima, na Julai iliyofuata nikapanda kumsalimu. Ukishavuka Mombo basi likaanza kupanda kuelekea Soni, unaanza kutafuta khanga ya pili. Usiku kule kuna baridi ambayo sisi wa Tanga mjini hatuijui. Nilimkuta ameweka jiko la mkaa chumbani wanapolala na wajukuu watatu, madirisha yamefungwa, nguo zimesokomezwa chini ya mlango. "Shikamoo mama." "Marahaba, mkaza mwanangu, ingia upesi, usiingize baridi." Alifurahi sana. Akaniambia mkaa wangu hauna moshi, unalala nao mpaka alfajiri.

Usiku ule niliamka kichwa kinanigonga na magoti hayana nguvu. Mjukuu wa kati alikuwa anatapika. Mdogo nilimwita hakuitika, nilimtikisa akafungua macho akafumba. Nilisukuma mlango, nikawatoa wote uwanjani kwenye baridi ileile tuliyokuwa tunaikimbia, nikafungua madirisha. Mtoto alikuja kujielewa baada ya muda ambao sitaki kuukumbuka, na alfajiri tuliwapeleka wote kwa daktari.

Mkaa unaowaka, uwe wa mti, wa kifuu au wa gunzi, unatoa hewa ya sumu inayoitwa kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho. Kutokuwa na moshi hakumaanishi haipo, na hapo ndipo mkaa wangu mzuri ulipomdanganya mama mkwe. Hewa hii inashika damu mahali ambapo oksijeni ingeshika, mtu analala hajui kama anakufa. Jiko la kaka yangu Iowa linalala ndani ya nyumba kwa sababu lina bomba linalotoa hewa yake nje ya ukuta, na hata hivyo ameweka king'ora cha hewa hiyo darini. Jiko letu la mkaa halina bomba. Kwa hiyo halilali na watu. Usiku wa baridi, ota moto jikoni au barazani penye hewa, na kabla ya kulala jiko litoke nje, hata kama limebakiwa na makaa mawili mekundu. Kichwa kikiuma, kichefuchefu kikija, mkiwa wawili au watatu mnajisikia vilevile kwa wakati mmoja, tokeni nje kwanza, maswali baadaye, na mwende hospitali hata mkijisikia nafuu.

Kitandani tunamwekea mama maji ya moto kwenye chupa ya mpira iliyofungwa kitambaa, na mawe laini ya mto tunayoyapasha pembeni mwa jiko la kupikia, yakafungwa kwenye kipande cha blanketi, yakawekwa miguuni. Anasema mawe yanamfaa kuliko chupa. Kila gunia la mkaa ninalompandishia nimelishonea kitambaa chekundu mdomoni, na wajukuu wanajua maana yake: jioni jiko linatoka.

Yanabaki majivu. Ya magunzi ni mengi kuliko ya mti na yana potasiamu nyingi, ileile inayomgandishia kaka bonge kwenye jiko lake. Mimi ninayaacha yapoe siku mbili kwenye debe la bati, si ndoo ya plastiki, kisha ninanyunyiza konzi moja moja kuzunguka migomba na kwenye tuta la mchicha, na kumwagia maji. Kwenye viazi siweki. Jumamosi hii mashine ya Pongwe inaanza kupukuchua mahindi ya mwaka huu, na kijana wa mkokoteni amekwisha kuniuliza tutaondoka saa ngapi.